Kukusanya na kurekodi kuvumwani katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani

Kuvumwani ni kuvu na mwani waliofungamana wakawa mwili mmoja. Mwili huo hauna mzizi wala ua, na mara nyingi hauzidi upana wa ukucha. Mtu aliyezoea kukusanya mimea huuharibu bila kujua: huubandua kwa nguvu, huutia kwenye mfuko wa plastiki, kisha huandika "kwenye mti" na kuendelea na safari. Sampuli ya namna hiyo haimsaidii yeyote.

Mwongozo huu ni wa Saadani, hifadhi iliyotangazwa rasmi mwaka 2005 kwenye mwambao wa mikoa ya Pwani na Tanga. Msitu wa Zaraninge, mikoko ya mdomo wa mto Wami na mbuga za nyasi zenye mikoche vyote vimo ndani ya mipaka yake. Ukifanya kazi kwenye hifadhi nyingine ya pwani, vibali vitabadilika. Mbinu hazitabadilika sana.

Vibali

Ndani ya hifadhi ya taifa huruhusiwi kuchuma hata jani bila kibali, na kuvumwani haina msamaha. Kwa Tanzania, utafiti ndani ya hifadhi hupitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), kibali cha utafiti hutoka COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) ndiyo inayokufungulia lango. Anza miezi kadhaa kabla. Kwenye andiko lako taja wazi idadi ya juu ya vipande utakavyochukua, ukubwa wa kila kipande, kitakachokatwa (gome, jiwe, jani) na hebaria, yaani ghala la sampuli kavu za mimea, itakayovihifadhi. Ukisema tu "sampuli za kuvumwani", msomaji asiyezijua atafikiri unakuja kubandua magome.

Kupeleka sampuli nje ya nchi ni kibali kingine kabisa, pamoja na makubaliano ya maandishi kati ya taasisi inayotoa na inayopokea. Hata bahasha moja inayokwenda Nairobi kutambuliwa huhesabiwa kuwa imetoka nje.

Kutembea kwa miguu ni pamoja na askari mwenye silaha, kwa sababu Saadani kuna tembo, nyati na simba, na Wami una mamba na viboko. Mweleze mapema namna unavyofanya kazi: utasimama dakika ishirini mbele ya shina moja, uso kwenye gome, mgongo kwenye kichaka. Yeye ndiye macho yako, na anapaswa kujua hilo kabla hamjashuka kwenye gari. Usivae nguo za buluu wala nyeusi, mbung'o huzifuata.

Wakati wa kwenda

Masika, Machi hadi Mei, achana nayo. Udongo mweusi wa mfinyanzi hunasa magari, na hakuna kitakachokauka. Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri. Januari na Februari pia hufaa, ingawa joto la kaskazi huchosha.

Mikokoni anayepanga ratiba ni maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa kwenye pwani hii hupita mita 3. Ingia maji yakiwa yanatoka, muda wa saa mbili hivi kabla hayajapwa kabisa, na anza kurudi mara yanapogeuka. Ukiweza kuchagua, chagua maji mafu: hayaendi mbali, lakini hayakufukuzi.

Vya kubeba

- Kisu kifupi chenye makali mazuri, na wembe kwa zile nyembamba
- Tindo yenye mdomo wa sentimita 1 hadi 2, nyundo ya gramu 500 hivi, na miwani ya kinga
- Mkasi wa kupogolea, kwa vitawi
- Lenzi ya mkono inayokuza mara 10, imefungwa kamba shingoni
- Chupa ndogo ya kupulizia maji baridi, yasiyo na chumvi
- Bahasha za karatasi au magazeti yaliyokatwa robo, ya kutosha mara mbili ya unavyodhani
- Daftari gumu, penseli mbili, rula ndogo ya kuweka kwenye picha
- GPS au simu yenye programu inayoonyesha usahihi wa mita
- Boksi gumu la kubebea, ili bahasha zisipondwe mgongoni

Kalamu ya wino iache kambini. Jasho, mvua na chumvi huyeyusha wino, penseli haiyeyuki.

Tazama kabla ya kugusa

Simama mbele ya shina, tumia lenzi, usitoe kisu bado. Kuna maumbo matatu ya kutofautisha. La ukoko limeshikamana na gome kiasi kwamba huwezi kulitoa bila gome lenyewe. Ndilo lenye aina nyingi zaidi pwani. La majani lina upande wa juu na wa chini, na kisu hupita katikati yake na gome. La kichaka hushika sehemu moja tu, kisha huning'inia au kusimama.

Kati ya za kichaka, inayotangulia kuonekana mikokoni na kwenye mibuyu ni Roccella montagnei, yenye mikanda ya kijivu inayoning'inia. Ndiyo malele iliyosafirishwa Ulaya kutoka pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19 kutengenezea rangi ya zambarau. Kwa za majani tarajia Dirinaria, Pyxine na Parmotrema. Za ukoko usijaribu kuzipa jina uwandani. Andika "ukoko mweupe, mistari myeusi" na uendelee. Jina litatoka kwenye hadubini.

Kisha tafuta sehemu za uzazi, kwa sababu bila hizo sampuli nyingi hazitambuliki. Tafuta vikombe au visahani, vitundu vyeusi mithili ya ncha ya sindano, mistari iliyopasuka, unga unaotoka pembeni (soredia) au vijiti vidogo vilivyosimama juu ya mwili (isidia). Ukoko mweupe mtupu usio na chochote kati ya hivyo, hata kama umefunika shina zima, usiupe nafasi ndani ya boksi. Zunguka mti. Mara nyingi upande wa pili, au futi mbili juu zaidi, mwili uleule una vikombe.

Kwaruza kidogo sana kwa ukucha pembeni. Ikitokea rangi ya machungwa au manjano, mwani wa ndani ni Trentepohlia, jambo la kawaida kwa za ukoko za tropiki. Ikitokea kijani kibichi, ni mwani wa kundi jingine. Andika papo hapo, maana rangi ya Trentepohlia hufifia sampuli ikikaa.

Piga picha mbili kabla ya kukata: moja ya mahali, ionyeshe shina na mazingira, na moja ya karibu, rula ikiwamo na namba ya sampuli ikisomeka. Piga ikiwa kavu. Kuvumwani iliyolowa hubadilika rangi, ya kijivu ikawa ya kijani, na atakayelinganisha na sampuli kavu atadhani ni vitu viwili. Rangi ya ikiwa kavu ndiyo ya kuandika kwanza. Ya ikiwa imelowa iongeze kama nyongeza.

Kubandua

Kiasi kwanza. Kwa ya majani, kipande cha sentimita 5 hadi 8 kinatosha, kikiwa na ukingo na katikati vyote viwili. Kwa ya ukoko, eneo la sentimita 2 kwa 3 lenye sehemu za uzazi. Usichukue zaidi ya mwili mmoja kati ya ishirini unaoona mahali hapo. Ukiona mmoja tu, piga picha na uuache. Mtu mmoja akikusanya zaidi ya sampuli thelathini kwa siku, daftari lake huanza kudanganya.

Ya majani na ya kichaka, ikiwa kavu, huvunjika vipande. Ipulizie maji kidogo, subiri dakika mbili au tatu ilainike, kisha pitisha kisu chini yake ukiambaa na gome. Usiloweshe kupita kiasi, kwa sababu kila tone unaloongeza utalazimika kulikausha jioni. Roccella ikate na kipande cha gome kilichoshika mguu wake. Bila mguu huo utambuzi huwa mgumu.

Ya ukoko huchukuliwa pamoja na gome. Ingiza kisu kwa mlalo, kata tabaka la nje lililokufa tu, milimita 2 au 3. Ukiona unyevu wa kijani au utomvu umekwenda mbali mno. Usizungushe mkato kwenye shina. Kila mti una tabia yake:

Mkoko na mkandaa mara nyingi hukupa bila kukata. Tafuta vitawi vilivyoanguka na upepo wa kusi, uvikate vipande kwa mkasi. Mchu gome lake ni laini na jembamba, kisu huteleza na kuingia ndani, hivyo tumia wembe. Kwenye mikoko yote anza juu ya alama ya maji makuu. Chini yake ni matope na chaza.

Mbuyu usiukate. Chini ya ngozi yake ya nje kuna tabaka la kijani linalotumia mwanga wa jua, na kila mkato ni jeraha. Kwangua kwa wembe ndani ya bahasha, au subiri kipande kilichobanduka chenyewe. Mbuyu mkubwa huwa na magamba ya kutosha chini yake.

Zaraninge ina kuvumwani zinazoota juu ya majani ya miti ya chini ya msitu. Chukua jani zima, libane kati ya magazeti kama jani la kawaida, na usilikunje. Za juu kwenye vilele hutazifikia, kwa hiyo pita njiani baada ya upepo na kagua matawi yaliyoanguka. Andika kwamba limeanguka, maana urefu halisi haujulikani tena.

Mawe si mengi Saadani. Ukilipata la kufaa, chagua ukingo uliokwisha kupasuka, weka tindo sambamba na uso wa jiwe na gonga polepole, miwani ikiwa usoni. Usiguse kamwe kuta za kale wala makaburi, hata yakiwa yamepambwa na kuvumwani nzuri kuliko zote ulizoziona.

Kila kipande kwenye bahasha yake, namba ikiandikwa juu ya bahasha kabla ya kukitia. Mchanga upeperushe kwa brashi. Plastiki, hapana, hata kwa nusu saa: joto na unyevu wa pwani hufanya ukungu uanze siku hiyohiyo, na ukungu ukishaingia kwenye vikombe hakuna kitakachoonekana chini ya hadubini.

Daftari

Namba ni moja kwa aina moja, mahali pamoja, juu ya kitu kimoja, siku moja. Hairudiwi, hata mwaka ukibadilika. Aliyeishia 214 safari iliyopita huanza na 215. Ukigundua baadaye kwamba kipande kimoja kina aina mbili, iliyokusudiwa hubaki na namba, nyingine huongezewa herufi: 215a.

Kinachosahaulika zaidi ni kitu ambacho kuvumwani imeota juu yake. "Mti" haitoshi. Maandishi yanayofaa huwa hivi: "Avicennia marina (mchu), gome la shina, mita 1.6 kutoka ardhini, upande wa mashariki unaotazama bahari, mwanga mwingi, mita 30 hivi ndani ya ukingo wa mikoko." Usipoujua mti, chukua tawi lake lenye majani, libane, na lipe namba ileile ya sampuli.

Andika viwianishi kwa digrii za desimali, mfumo wa WGS84 unaotumiwa na GPS, pamoja na usahihi uliosomwa kwenye kifaa. Desimali nne ni kama mita 11 ardhini, tano ni kama mita moja. Sita ni majivuno. Saadani iko kusini ya ikweta, hivyo latitudo ina alama ya kutoa: −6.0412, 38.7790. Alama hiyo ikisahaulika, sampuli ya mikoko huhamia nyanda za juu za kusini mwa Ethiopia, na kosa hili limejaa kwenye hifadhidata. Kosa la pili ni kusoma viwianishi kwenye ramani za zamani za karatasi zilizochorwa kwa mfumo wa Arc 1960 na kuviandika kama WGS84. Tofauti yake hapa ni kama mita 300, inayotosha kukutoa kwenye mikoko na kukutupa baharini.

Andika mkoa kila mara, kwa kuwa hifadhi imegawanyika kati ya Pwani na Tanga. Mwezi uandike kwa herufi: 04/07 mmoja atasoma Julai, mwingine Aprili.

Kukausha

Fanya jioni hiyohiyo. Fungua bahasha zote, tandaza vipande juu ya magazeti penye kivuli na upepo, badilisha magazeti asubuhi. Kwa kawaida siku mbili hutosha, lakini usiku wa pwani una unyevu mwingi na sampuli iliyokauka mchana huvuta maji tena kabla ya alfajiri. Zikikauka, zifunge jioni ndani ya chombo chenye silika jeli (punje za kufyonza unyevu), uzifungue tena jua likipanda. Zilizotoka karibu na maji huwa na chumvi, na chumvi huvuta unyevu, hivyo zipe siku ya ziada. Usizioshe.

Za majani zibane kidogo zikiwa bado laini, kitabu kimoja juu kinatosha. Za ukoko hazibanwi. Usitumie moto, jiko wala dashibodi ya gari. Juu ya nyuzi 40 hivi kemikali na rangi huanza kubadilika.

Majaribio ya matone

Kuvumwani nyingi hutambuliwa kwa kemikali zake. Fanya majaribio sampuli ikiwa kavu, chini ya lenzi, kwa tone dogo kuliko kichwa cha pini, kwenye kipande utakachokitupa.

K ni haidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10: gramu 10 ndani ya maji hadi kufikia mililita 100. Tia punje ndani ya maji polepole, kwa sababu hutoa joto kali. Vaa glavu, na hifadhi kwenye chupa ya plastiki. Hudumu miezi.

C ni jiki ya kawaida ya kufulia isiyo na manukato wala rangi. Hii hufa haraka, hasa chupa ndogo ikikaa juani. Matokeo mengi ya "hakuna badiliko" ni jiki iliyokufa tu. Kila asubuhi ijaribu kwanza kwenye Roccella: isipotoa wekundu papo hapo, mimina nyingine.

KC ni tone la K, kisha la C palepale. P, paraphenylenediamine, ni sumu na hupenya ngozi. Iache ya maabara yenye hewa nzuri.

Andika jaribio limefanywa wapi, juu ya ngozi ya mwili au kwenye nyama nyeupe ya ndani, ambayo huifikia kwa kukwangua ngozi kwa ncha ya wembe. Parmotrema tinctorum, kwa mfano, nyama yake hugeuka nyekundu kwa C; ngozi haigeuki hivyo. Za rangi ya machungwa za jamii ya Caloplaca na Teloschistes hugeuka zambarau kwa K. Tazama sekunde thelathini za kwanza, kwani wekundu wa C hupotea haraka.

Mwishowe taa ya urujuanimno ya nanomita 365, ndani ya chumba chenye giza kweli. Pyxine cocoes hung'aa manjano, na papo hapo umeshaitenga na ndugu zake wengi. Sampuli ya ukoko iliyobaki bila jina inahitaji kukatwa kwa wembe na kutazamwa kwa hadubini ya mara 400 hadi 1000. Pima spora (chembe za uzazi za kuvu) zisizopungua kumi ndani ya maji, si ndani ya K, ambayo huzivimbisha.

Kurekodi bila kukusanya

Ukitaka kujua hali ya kuvumwani kwenye eneo badala ya orodha ya majina tu, tumia ngazi ya vyumba vitano, kila kimoja sentimita 10 kwa 10, iliyofungwa kwa waya au uzi. Iweke wima kwenye shina, mwisho wa chini ukiwa mita 1 kutoka ardhini, kaskazini, mashariki, kusini na magharibi. Kwa kila aina hesabu vyumba inamoonekana. Kwa mti mmoja alama ya kila aina huwa kati ya 0 na 20. Mikokoni pima mita hiyo kutoka alama ya maji makuu. Ruka mashina yanayosuguliwa na tembo: gome lao linakuambia habari za tembo.

Bahasha ya mwisho

Tumia karatasi ya A4 isiyo na asidi, imesimama wima. Kunja ukingo wa chini uende juu, ukiacha sentimita 9 za juu wazi. Kunja kila ubavu sentimita 3 kuingia ndani. Shusha zile sentimita 9 kama kifuniko. Unapata bahasha ya takribani sentimita 15 kwa 10. Sampuli ya ukoko igandishe kwenye kadi kwa gundi nyeupe ili isigongane. Ya majani iache huru, kwa sababu mtu atataka kuona chini yake.

Lebo hubandikwa juu ya kifuniko: jina la kisayansi na aliyelitambua, nchi, mkoa, hifadhi, mahali, viwianishi, kimo, kilichoota juu yake, matokeo ya majaribio, mkusanyaji na namba, tarehe, namba ya kibali. Ingiza hayohayo kwenye jedwali la kompyuta, safu moja kwa sampuli moja, kwa majina ya safu ya Darwin Core (kiwango cha kimataifa cha data za viumbe), ili data iweze kuingia GBIF, hifadhidata ya dunia ya viumbe, bila kuchapwa upya. Nakala ya kwanza ibaki nchini: hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Hebaria ya Taifa Arusha. Hifadhi nayo ipewe orodha yake.

Kabla ya kuingia kabatini, bahasha zote zipite friza kuua wadudu wanaokula karatasi na kuvu. Zifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, safari hii plastiki inaruhusiwa kwa kuwa zimekauka, na uziweke kwenye nyuzi −20 kwa wiki moja. Ukizitoa, usifungue mfuko siku hiyo. Uache ufikie joto la chumba hadi kesho yake, la sivyo hewa ya Dar es Salaam itageuka maji juu ya karatasi na utaanza kukausha upya.